Keg yapata nafuu, mgema apata pingu

Pombe kwangu ni haramu, iwe ya pipa au ya mnazi. Hapa nazungumzia sheria. Mwaka 2013 serikali ilipandisha ushuru wa bia ya keg. Bei ikapaa, mauzo yakaporomoka, lakini kiu haikuisha. Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe yenye methanoli, Embu na kaunti nyingine. Mwaka 2015 keg ikasamehewa asilimia 90 ya ushuru.

Sasa njoo Kaloleni na Rabai. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu, jioni limeshakuwa kali, likilala siku kadhaa ni siki. Halingoji kiwanda wala msamaha wa ushuru. Mgema tunamjua hata methalini, ila katika msako huwekwa kapu moja na mpishi wa chang'aa: dumu humwagwa, na karo ya watoto humwagika nalo. Leseni za vileo ni kazi ya kaunti tangu katiba ya 2010. Basi Kilifi itoze ada ambayo mwenye minazi kumi ataimudu, na vilabu vikae mbali na misikiti na madrasa zetu.