Rufaa Inapanda, Mgonjwa Hashuki

Mtu akivunjika paja kwa bodaboda pale Mpui, siku hizi hachelewi kufika hospitali ya mkoa pale Sumbawanga. Lami ya kutoka Tunduma imemaliza mateso ya zamani ya njia ile. Shughuli iko kwenye kurudi. Asipofanyiwa upasuaji, paja la mtu mzima lililofungiwa uzito wa kulivuta hudai kati ya wiki 6 na 12 za kulala chali, na kama mahindi yanangoja palizi, kila wiki ina hasara yake. Humo ndimo anamopatikana yule ambaye manesi humwita mgonjwa msumbufu.

Wodi ya mifupa haimkosi. Siku za kwanza hushukuru kwa kila kitu. Wiki ya tatu ameshazijua zamu zote: nani ana mkono mwepesi wa sindano, nani hujifanya hasikii. Wiki ya sita anaita "sista" hata kabla hajajua anachotaka. Mto umeteleza, kamba ya uzito imekwama, bedi pani imechelewa, na huyu wa kitanda cha jirani aliyeingia jana, mbona kaonwa kwanza?

Mjadala wetu juu ya mtu huyu una pande mbili zilizochoka. Kiongozi akizuru hospitali huwaonya wauguzi kuhusu lugha chafu, na wananchi hupiga makofi. Wauguzi nao hunung'unika pembeni kwamba usiku mtu mmoja anaachiwa wodi nzima, halafu anatakiwa atabasamu. Wote wanasema kweli. Matusi kwa mgonjwa hayana utetezi, na uhaba wa watumishi si kisingizio cha kubuni. Lakini tungepata manesi wa kutosha kesho asubuhi, bado mgonjwa msumbufu angekuwepo.

Nasema hivyo kwa sababu ya utafiti wa Felicity Stockwell, muuguzi wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1972. Alichunguza wodini ni wagonjwa gani hawapendwi. Kundi la walalamikaji lilikuwemo, kama ungetarajia. Walikuwemo pia waliolazwa zaidi ya miezi mitatu, na wale ambao wauguzi waliona mahali pao si pale. Yaani muda peke yake unatosha kumchosha muuguzi, hata katika nchi yenye watumishi wengi kuliko sisi.

Muuguzi hupata nguvu kwa kuona mtu akitoka na miguu yake. Anayekaa miezi humnyima malipo hayo. Kisha kuna namna kazi inavyogawanywa: huyu anagawa dawa, huyu anasafisha vidonda, yule anapima presha. Mwaka 1960 Isabel Menzies, aliyechunguza wauguzi wa hospitali moja ya London, alieleza kuwa mgawanyo wa aina hiyo huwakinga wasiguswe mno na maumivu ya wagonjwa. Kinga hiyo ina gharama. Mgonjwa aliyehudumiwa na kila mtu hana wa kwake, basi anamwomba kila mtu kila kitu. Usumbufu wake, kwa maoni yangu, mara nyingi ni upekuzi: anatafuta nani anawajibika kwake.

Kwa hiyo kila aliyevuka wiki tatu apewe muuguzi wake kwa jina. Najua nitachekwa, wodi imejaa na zamu hubadilika. Lakini wa wiki tatu kwenda juu si wengi, na sisemi akae naye kutwa. Aketi kidogo kila akiwa zamuni, asikie malalamiko yote kwa pamoja, amweleze mfupa umefikia wapi. Wenzake wakiitwa kwa jambo lisilo la dharura watajua la kujibu.

Halafu kuna ndugu. Shangazi aliyetoka Mpui analeta ugali, anafua, anamgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, kisha raundi ikianza anafukuzwa nje kama mzururaji. Hakuna aliyemfundisha kugeuza mtu bila kuvuruga uzito. Siku akirudi nyumbani kuvuna maharage, miito ya "sista" inaongezeka, na lawama anabebeshwa mgonjwa.

Dawa kubwa zaidi, hata hivyo, iko barabarani. Mfumo wetu unajua kupandisha, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda. Kushusha haujakuzoea. Tulishaweza lakini: matibabu ya kifua kikuu sugu yalipoanza nchini mwaka 2009, wagonjwa walipelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro, wakakaa miezi wodini mbali na kwao. Baadaye huduma ile iligatuliwa mikoani, na wengi wakatibiwa karibu na nyumbani. Kama bakteria wale wakaidi waliwezekana, kidonda kinachosafishwa kila siku mbili kinashindikanaje?

Mgonjwa aliyekwisha kutolewa uzito, aliyebakiza kusafishwa kidonda, kubadilishiwa kateta au kufundishwa magongo, angemalizia matibabu karibu na shamba lake. Kinachohitajika ni muuguzi wa wodi kumpigia simu mwenzake wa Mpui, barua yenye maelekezo, vifaa vya kufungia kidonda, na mtu wa kulipia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika utekelezaji wake, siku za kitanda cha Mpui zilipiwe bila ubishi kama zile za Sumbawanga, la sivyo hospitali ya mkoa itaendelea kumlaza mtu ambaye haimhitaji na yeye haihitaji.