Mkopo wa Kaboni Atalipa Nani?

Muhula uliopita wanne kati yetu tulipewa zoezi katika somo la mipango ya maendeleo: tuandae mradi wa kitaifa wa kuijengea nchi moja inayoendelea uwezo wa kupunguza hewa ukaa. Tulichagua Tanzania, kwa kuwa wawili wetu wana wazazi waliotoka huko. Mpango wetu ulikuwa na warsha sita mjini Dodoma, washauri kutoka nje, tovuti, na mwongozo wa kurasa mia mbili. Vyote kwa Kiingereza. Tulipata alama nzuri.

Mwisho wa wiki mmoja wetu alimpigia simu bibi yake, Kilwa. Bibi akauliza, kama kawaida yake, huko mnasoma nini. Mwenzetu akajitahidi kwa Kiswahili chetu hiki cha kuchechemea. Alieleza kwamba misitu huvuta hewa chafu, na kijiji kinachotunza msitu wake kinaweza kupata "mkopo wa kaboni". Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na huo mkopo, mjukuu wangu, atalipa nani?"

Tulicheka sana tuliposimuliwa. Baadaye tulianza kuona haya. Bibi alisikia sawasawa. Aliyekosea ni mjukuu, aliyelichukua neno la Kiingereza na kulivika kanzu ya Kiswahili bila kujiuliza lina maana gani. Kinachouzwa katika biashara ya kaboni ni hati inayothibitisha kwamba tani moja ya kabonidayoksaidi haikuingia angani, au imeondolewa humo. Ukiiita hati hiyo mkopo, unakiambia kijiji kwamba kinadaiwa. Ukisema "kuuza hewa" unaharibu zaidi: Mtanzania aliyekwisha kusikia habari za wafanyakazi hewa ataona anatapeliwa.

Maoni yetu, basi, ni kwamba mradi wa kujenga uwezo usiotenga fedha na muda kwa ajili ya lugha tangu mwanzo ni mradi ambao haujapangwa, hata ukipata alama nzuri.

Tazama kazi iliyopo. Chini ya Mkataba wa Paris, Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingezalishwa bila hatua mpya. Mwaka 2022 ilitunga kanuni za biashara ya kaboni. Mwaka 2024 ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ahadi hizi zitatimia au zitavunjika jikoni kwa mama anayenunua mkaa wa kopo, na katika misitu ya vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inavipa vijiji nafasi ya kumiliki na kusimamia misitu yao. Mkataba wa kaboni unaweza kukifunga kijiji kwa miongo kadhaa. Wanaopaswa kuuelewa ni watu waliokaa katika mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo hauendeshwi kwa Kiingereza.

Tunajua tutakavyojibiwa. Ripoti za kimataifa huandikwa kwa Kiingereza, na istilahi za Kiswahili hazijatulia. Ni kweli. Mtaalamu wa Morogoro, katika kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, atahitaji Kiingereza. Lakini takwimu za kuandikia ripoti hutoka kwenye miti. Huko Kitulangalo, mkoani Morogoro, wanakijiji walifundishwa kupima msitu wao wenyewe, na vipimo vyao vilikaribiana na vya wataalamu kwa gharama ndogo zaidi. Kufunga utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, ni jambo linalofundishika kwa lugha yoyote ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaielewa wote wawili. Mkataba wa Paris wenyewe, katika kifungu cha 11, unataka ujenzi wa uwezo uongozwe na nchi husika na uwashirikishe watu hadi ngazi ya chini.

Kwa hiyo tumeuandika upya mpango wetu, ingawa hakuna atakayeusahihisha. Warsha za Dodoma zimebaki mbili. Fedha zilizookolewa zimekwenda kwa maafisa ugani na walimu wa shule za kata, ambao watakuwepo hata wafadhili wakiondoka. Miezi mitatu ya kwanza ni ya istilahi: maneno yajaribiwe vijijini kabla ya kuchapishwa. Na hakuna mkataba unaotiwa saini kabla ya kusomwa wote kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na maswali kujibiwa.

Sisi wa chama hiki tuna la kufanya pia. Tunapendekeza tuanze na maneno hamsini. Kila mwanachama achukue matano, ampigie mzee mmoja nyumbani, amweleze, kisha aandike swali atakaloulizwa. Tunawaomba walimu wetu watusaidie kuyapitia mwisho wa muhula. La kwanza tumeshalifuta: mkopo wa kaboni. Kwa sasa tunasema "hati ya kaboni". Bibi wa Kilwa amelikubali, ila anataka kujua hati hiyo itatunzwa na nani. Bado hatujampigia kumjibu.