Pikapu au Gari la Viti?

Muhula uliopita Chama cha Midahalo cha shule yetu kilileta hoja isemayo kwamba pikapu ndiyo gari lifaalo kwa jamaa ya kijijini. Hoja ile ilipita kwa kura nyingi mno, na sisi tulioipinga tulichekwa njia nzima mpaka mabwenini. Mimi nilichekwa mara mbili, kwa kuwa baadhi ya wavulana walisema kwamba msichana hana alijualo katika habari za motokaa. Sikujibu siku ile, maana kengele ya chakula ilikuwa imekwisha lia, na maharage ya Jumamosi hayamngoji mtu. Leo Mhariri amenipa nafasi, nami nitasema kwa utulivu yale niliyokosa kuyasema kwa haraka.

Kwangu jambo hili si la kushindania kura. Kwetu ni Mugango, upande wa ziwani, na kazi ya nyumba yetu ni dagaa. Baba na mama huwanunua mwaloni asubuhi, huwaanika, kisha huwapeleka Musoma, na mara nyingine Bunda, kwa gari la kukodi. Kwa muda wa miaka sita wameweka akiba, na mwaka huu baba amesema kwamba fedha zatosha kununua gari moja, si jipya, lakini zima. Likizo ya Juni ikifika watu wa nyumba watakaa na kuamua. Baba ataka pikapu. Mama hajatia neno. Siku ya wazazi baba aliniuliza, nadhani kwa utani, "Nawe msomi wasemaje?" Haya ndiyo nisemayo.

Kwanza tuelewane kwa majina. Pikapu kila mtu aijua: mbele chumba cha dereva, nyuma bodi la wazi. Lile la pili ni gari la kimo, lenye paa mpaka nyuma na milango ya abiria, na aghalabu huvuta kwa magurudumu yote manne. Mifano yake ni zile RAV4, Prado na X-Trail tuzionazo barabarani. Wazungu huliita esiyuvi. Mimi nitaliita gari la viti, kwa sababu hoja yangu yote imekaa juu ya viti hivyo.

Magari haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1935 kiwanda cha Chevrolet huko Marekani kilichukua chasisi ya lori dogo, kikajenga juu yake chumba chenye viti na paa, kikaliita gari hilo Suburban. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa mwaka 1948, ilikuwa gari la shamba, wazi nyuma, na haukupita muda watu wakataka yenye paa na viti. Toyota walitoa Hilux mwaka 1968 kwa ajili ya mizigo, na mwaka 1994 wakatoa RAV4, iliyoundwa kama motokaa ya mjini ila ikapandishwa juu kidogo. Nayasema haya kwa sababu mwenzetu mmoja alidai mdahaloni kwamba pikapu ni gari la wanaume wa kazi, na lile lingine ni pambo la mabibi wa mjini. Historia haimsaidii. Hata jina Hilux limeungwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, moja lina maana ya "juu" na la pili "anasa". Mimi nimepata kukaa nyuma yake kutoka Musoma hadi Mugango, na anasa hiyo sikuiona.

Sasa nimpe baba haki yake. Pikapu huchukua karibu tani moja. Chini ya bodi lake kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambazo hazinung'uniki zikibebeshwa magunia, na umbo lake lote limekaa juu ya chasisi ya lori, ambayo fundi wetu aweza kuiunga kwa moto ikipasuka. Tena dagaa wana harufu, na harufu ya dagaa ikiingia katika kitambaa cha viti haitoki mpaka gari life. Makopa, mabati, mbao, mbuzi, jeneza, vyote hupanda pikapu bila kuomba ruhusa. Waliosema haya mdahaloni walisema kweli, na ndiyo sababu tulishindwa.

Lakini yuko aliyesema kwamba pikapu ni gari la bei ya mnyonge, na hapo alikosa. Magari mengi yanunuliwayo huku yametumika kwanza Japani. Huko watu walinunua RAV4 na wenzake kwa wingi, kwa hiyo zaja nyingi, na vipuri vyake havitafutwi kwa tochi. Hilux si hivyo. Toyota waliacha kuiuza Japani mwaka 2004, wakairudisha mwaka 2017, na hiyo iliyorudi hutengenezwa Thailand. Basi Hilux iliyotumika Japani imekuwa adimu, na kitu adimu hakiuhurumii mfuko. Ile kuukuu ipatikanayo kwa bei nafuu huwa imekwisha chakaa kwa mizigo, maana hakuna anunuaye pikapu ili aiweke chini ya mwembe.

Hayo ni ya fedha, na baba anaweza kunishinda kwa fedha, kwa sababu ni zake. Nifikie sasa lile lililo moyoni mwangu.

Mwaka juzi, siku mbili kabla ya Noeli, tulitoka Musoma kwa pikapu ya kukodi. Mbele walikaa dereva, bibi, na mama aliyempakata kitinda mimba wetu. Nyuma tulikuwa watoto wanne, magunia mawili ya mchele, na kreti ya soda. Hiyo ilikuwa hesabu ya kuondokea. Njiani mwalimu mmoja alitusimamisha, akapanda. Akina mama wawili wa kwaya wakasimamisha, wakapanda. Kisha mzee mwenye baiskeli, yeye na baiskeli yake. Sikumwona aliyefanya kosa. Ilikuwa jioni, mawingu yamefunga, na nani angewaacha watu wale njiani? Tulipofika penye korongo gari liliruka kidogo, kuruka ambako dereva mbele hata hakukusikia. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya ukingo wa bodi, kwa kuwa chini pamejaa. Nilipogeuka hakuwapo. Tulipiga paa kwa viganja mpaka dereva akasimama.

Alikuwa na miaka tisa. Mkono wake ulivunjika mahali pawili, na hata leo hauwezi kuinua ndoo iliyojaa. Yeye mwenyewe husema kwa kucheka kwamba afadhali, maana sasa hatumwi maji.

Dereva yule si mtu mbaya, wala simlaumu peke yake. Nimelifikiri jambo lile mara nyingi usiku baada ya taa kuzimwa, na nimeona hivi. Kiti kina hesabu. Gari la watu watano likipata watano, mwenye gari aweza kusema, "Samahani mama, nafasi hakuna," na mama yule akatazama dirishani akaona kuwa ni kweli, wala hakuna ugomvi. Bodi halina hesabu. Siku zote lina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Kwetu, kumpita mzee wa jirani njiani na huku bodi li wazi nyuma yako ni tusi litakalosimuliwa msibani. Nami namjua baba yangu. Ni mpole, na neno "hapana" humkwama kooni kama mwiba wa sato. Akinunua pikapu, itakuwa gari la harusi, la kwaya, la msiba na la mgonjwa, na katika safari zote hizo watu watakaa mahali palipotengenezwa kwa magunia. Gunia likianguka huokotwa likapakiwa tena.

Msidhani kwamba haya ni ya Mugango peke yake. Huko Thailand, ambako Hilux nyingi hutengenezwa, jamaa nyingi za mashamba huitumia pikapu kama gari la nyumba. Mwezi wa Aprili 2017, karibu na sikukuu ya mwaka mpya wao iitwayo Songkran, wakati ambapo watu wengi mno hurudi makwao, serikali ilipiga marufuku kupakia watu nyuma ya pikapu. Wananchi walilalamika sana, wakauliza watarudije nyumbani. Basi serikali ile, iliyokuwa ya kijeshi na isiyokuwa na desturi ya kuogopa makelele, ikalegeza amri yake ili sikukuu ipite. Fikirini hapo, wenzangu. Majenerali walishindwa kumwondoa abiria katika bodi, sembuse baba yangu.

Baada ya mdahalo kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata kwa adabu akasema, "Dada, nunueni ile ya milango minne, dabo kebini, mtapata viti na bodi pamoja." Ni shauri jema kwa mwenye fedha, maana hiyo ndiyo ghali kupita zote. Lakini bodi lake bado liko pale nyuma, fupi, wazi, linangoja mtu. Mwingine akasema tuwaachie askari wa usalama barabarani, ambao huyakamata magari ya mizigo yakipakia abiria. Ni kweli huyakamata, nao wafanya vyema. Ila wao husimama kwenye lami, na korongo letu haliko kwenye lami. Wa tatu akauliza kwa sauti kubwa kama wakili: je, mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, mtamwambia viti vimejaa? La hasha. Usiku wa manane viti havina mtu, naye atalala kwenye kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, upepo wa ziwa haumpigi. Ningependa wakili yule alazwe yeye siku moja juu ya bati la pikapu, aumwe tumbo tu, kisha aje tuendelee na mdahalo.

Limebaki swali la dagaa, nalo ndilo swali hasa, kwa sababu dagaa ndio walionilipia sare hizi. Likizo ya Desemba nilimwomba mama daftari lake, nikahesabu. Katika siku 30, dagaa walipelekwa mjini siku 9. Watu wa nyumba yetu walisafiri siku 22: mara kliniki ya mkono wa mdogo wangu, mara bibi na macho yake, mara benki, mara kanisani, na misiba miwili. Siku zile 9 tulikodi gari la mizigo pamoja na majirani, kila mtu akilipa kwa gunia. Mpango huo si mbaya. Gari hujaa, gharama hugawanywa, na likiharibika njiani si letu. Kwa nini basi tununue gari kwa ajili ya siku 9, kisha siku 22 tukae mahali pa magunia? Tena pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Wakati wa masika, juu ya udongo mweusi, mkia wake huteleza ovyo. Wenye pikapu wengine hupakia mawe ili itulie. Yaani wapakia mawe ili wapate kuwapeleka watoto shule.

Gari la viti nalo lina aibu zake, nami sitazificha. Baadhi huvuta kwa magurudumu mawili tu, na muuzaji hakwambii usipouliza. Baadhi yana kimo cha kudanganya, juu marefu na chini karibu na mawe. Mengi hunywa petroli bila haya. Na ushuru hutozwa kwa ukubwa wa injini na umri wa gari, kwa hiyo mwenye tamaa ya Prado kuukuu yenye injini kubwa ajifunge mkanda kabla ya kuiwasha. Zaidi ya hayo watu watasema tumeanza kujidai. Ukiwa na pikapu wewe ni mchapakazi, ukiwa na RAV4 wewe ni bwana mkubwa, hata kama bei ni moja. Baba aliogopa neno hilo kuliko ushuru, nilimwona usoni.

Haya yote nilimweleza siku ile ya wazazi, chini ya mti karibu na bwalo, naye akasikiliza huku akikwaruza mchanga kwa kijiti. Alisema atafikiri. Mama ndiye aliyeuliza, kwa mara ya kwanza tangu habari hizi zianze, "Hilo gari lako lina mikanda mingapi?" Nikajibu, "Mitano, mama." Akawahesabu watu wa nyumba yetu kwa vidole, polepole, akamwanza bibi, akaishia kwa kitinda mimba. Akafika saba. Akanitazama.

Tangu siku hiyo nimeuliza. Yako magari ya viti yenye safu tatu, nayo yatutosha sote na mkanda mmoja mmoja. Bei yake bado sijamwandikia baba.

Msichana wa Mugango,
Kidato cha Nne