Rangi ya Fedha Yatuhadaa

Majuzi nilialikwa kuwa mwamuzi katika maonyesho ya ufundi ya wanafunzi, nami nikatenda kosa ambalo sina budi kulikiri. Mwanafunzi mmoja alileta mfano wa plastiki wa ndege ya kivita ya Marekani, P-51 Mustang. Kiwiliwili chake kilimeremeta kama sufuria iliyosuguliwa, ila vipande vichache vilivyofifia. Mabawa yalikuwa ya kijivu kisichong'aa. Tukampunguzia alama, tukidai rangi hazikulingana.

Kumbe kijana alikuwa sahihi! Mustang nyingi zilizoundwa kuanzia mwaka 1944 ziliachwa alumini tupu kiwiliwilini. Mabawa, hata hivyo, yalizibwa mishono kwa puti, yakapigwa msasa na kupakwa rangi ya alumini ili hewa iteleze juu yake bila kukwazwa.

Sisi wanaisimu, ambao hufundisha kwamba neno moja huweza kuficha vitu vingi, tulipaswa kushtuka mapema. Tukishasema "rangi ya fedha", jicho huridhika, likaacha kutazama.

Nilimwuliza alivyofanya. Alisugua plastiki hadi ikawa laini kabisa, kwani rangi ya metali haifichi mkwaruzo, huutangaza. Akapaka nyeusi ya kung'aa, kisha metali, tabaka jembamba baada ya jingine. Mwishowe akazingira vipande kadhaa kwa utepe wa karatasi na kuvitia weusi kidogo.

Zawadi ilikwenda kwa ndege iliyopakwa fedha tupu kutoka pua hadi mkia. Nimewaandikia waandalizi nikiomba alama zipitiwe upya. Sijajibiwa.