Mwaka wa Kwanza Nao Unahesabiwa

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, vijana wetu hushuka kutoka mabasi ya mikoani na kuingia vyuo vikuu kwa mara ya kwanza. Wiki hiyo ni ya kusajiliwa, kutafuta kitanda hosteli na kuulizana boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, litaingia lini. Simlaumu anayeyahangaikia hayo, maana bila chakula na malazi hakuna masomo. Lakini katika siku zizo hizo hufanyika jambo jingine, tena kwa haraka na bila kutafakari, ambalo matokeo yake humfuata kijana miaka mingi. Jambo hilo ni kuchagua kozi. Nasema nawe, ndugu yangu wa mwaka wa kwanza, kabla hujaingia kwenye mfumo na kujiandikisha kozi zilezile alizojiandikisha mwenzako wa chumbani.

Utaniambia hakuna cha kuchagua, kwamba kozi karibu zote ni za lazima na idara imekwisha kuzipanga. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Vyuo vyetu si kama vya Marekani, ambako wanafunzi wengi hukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kutangaza fani watakayobobea. Hapa umedahiliwa tangu mwanzo kuwa mwanasheria, mhasibu, au mwalimu wa Fizikia na Hisabati. Ndiyo sababu nakusihi uzitazame kwa makini zile kozi chache za hiari. Katika shahada yote ya miaka mitatu au minne, hizo ndizo ulizoachiwa uziamue mwenyewe.

Na wengi huziamua vipi? Huwauliza waliotangulia ni kozi ipi inayotoa A kirahisi na ni mhadhiri gani anayerudia maswali ya mwaka jana. Nafahamu woga huo unatoka wapi. GPA ni jambo zito: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu linaanzia 3.5, na anayetamani kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi atatakiwa awe na 3.8. Mwenye ndoto hizo hataki kozi itakayomshusha. Lakini mtazame kijana wa Sosholojia aliyeikwepa kozi ya takwimu mwaka wa kwanza ili apate alama nzuri kwingine. Mwaka wa tatu umefika, anatakiwa kuandika utafiti wake, ana madodoso mkononi na hajui ayafanye nini. Anatafuta mtu wa kumlipa amchambulie. Siku ya kuutetea utafiti huo anaulizwa jedwali lake lina maana gani, naye hana jibu. Baadaye anaona tangazo la kazi, wanataka mtu wa kukusanya na kuchambua takwimu, na kazi hiyo inampita. Ile A aliyoikimbilia bado ipo kwenye transkripti yake, wala haikumsaidia siku aliyoihitaji.

Basi katika kila mwaka chagua walau kozi moja unayoiogopa, ilimradi unajua itakufikisha wapi. Na uchunguze mapema, kwa sababu kozi nyingine za mwaka wa tatu hazisomwi na asiyepitia zile za mwaka wa kwanza. Kitabu cha mwongozo wa chuo kinaeleza yote hayo. Kisome hadi ukurasa wa mwaka wako wa mwisho.

Tufanye hesabu kidogo, maana mipango isiyo na hesabu huishia kuwa matamanio. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12, basi, inakudai saa 120 kwa muhula, ukijumlisha mihadhara, semina, maktaba na mazoezi. Ukiwa na kozi tano za namna hiyo, deni ni saa 600. Zigawe kwa majuma 15 utapata saa 40 kila juma, sawa na mfanyakazi anayeingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ratiba ya chuo itakuonyesha saa chache tu kwa kila kozi. Zilizobaki hakuna atakayekupangia, na hizo ndizo zinazoliwa na simu, soga na mizunguko ya mjini. Ukiona umerundika kozi tatu ngumu katika muhula mmoja, zitawanye kama utaratibu unaruhusu. Ukiona umejiandikisha nyingi kupita kiasi ili umalize mapema, punguza.

Tena ipo dhana moja ambayo ningependa ife kabisa: kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, kusoma kutaanza mwaka wa pili. GPA ya mwisho hukusanya alama za miaka yote. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 2.8, akitaka kuhitimu na 3.8 katika programu ya miaka mitatu yenye krediti sawa kila mwaka, itambidi apate wastani wa 4.3 katika miaka miwili iliyobaki. Wapo wanaoweza. Lakini wengi hawaupandi mlima huo, na baadhi hawafiki hata huko, kwa kuwa sapu, ile mitihani ya marudio, zimegeuka kuwa kudisko, yaani kuachishwa chuo.

Nije kwenye malengo. Shahada nyingi siku hizi si mlango wa mwisho. Mhitimu wa uhasibu hawi CPA mpaka afaulu mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Mwalimu, ambaye zamani alipangiwa kituo akimaliza tu, siku hizi anaomba nafasi na kukaa kwenye usaili, tena anaajiriwa kwa masomo anayofundisha. Kwa hiyo jozi ya masomo uliyoingia nayo mwaka wa kwanza inaweza kuamua utasubiri kwa muda gani. Na wanasheria wana Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo ya taasisi hiyo yalipotangazwa: kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakafeli. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu walibishana sana kuhusu mwenye kosa, taasisi au vyuo. Mimi nasema nawe uliye mwaka wa kwanza wa sheria leo: wote wale walikuwa na shahada mkononi. Mlango ulioko mbele yako unajulikana tangu sasa. Tafuta watu waliopita humo, waulize nini kiliwaelemea, kisha rudi uangalie ni kozi zipi kati ya ulizo nazo zinazokujenga katika hayo.

Wapo wazee wenzangu watakaosema mchagua jembe si mkulima, kijana asome anachopewa. Siafikiani nao. Mkulima anayeijua ardhi yake hulichagua jembe, na ndiyo maana hulima sana.

Wala sisemi kwamba lengo ulilolitaja ukiwa na miaka 19 likufunge maisha. Julius Nyerere alifundisha Baiolojia katika shule ya St. Mary's, Tabora. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alisoma masomo ya sanaa, tena kwa upana: historia, uchumi, falsafa ya maadili, anthropolojia, sheria ya katiba. Alihitimu mwaka 1952, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa. Alibadili njia kwa kuwa alijua anachokitaka, na akayachukua masomo yanayolisha fikra hiyo. Nawe ukigundua ifikapo mwaka wa pili kwamba moyo wako uko kwingine, nenda kwa mshauri wako wa masomo uzungumze naye. Wanafunzi wengi hawajui hata jina la mshauri waliyepangiwa. Mtafute mwezi huu, ukiwa huna tatizo, umweleze unataka kufika wapi na umwonyeshe orodha ya kozi zako.

Nanyi wazazi, neno moja. Mtoto anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake atakapoajiriwa, na hata akiachishwa chuo deni linabaki kuwa lake. Anapopiga simu nyumbani kuomba nauli au fedha za kudurufu, msimuulize tu kama amefaulu. Muulizeni muhula huu anasoma kozi zipi, kwa nini ameichagua ile ya hiari, na mwaka wa tatu itamfungulia nini. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo, na kijana atakayejua kwamba swali hilo linamsubiri likizo atakwenda kulitafutia jibu.