Mkatoliki Katika Bahari ya Tenzi

Mtu aliyelelewa chuoni, akasomeshwa juzuu kwa fimbo ya maalim, kisha akaonekana barazani baada ya sala ya Alasiri ameshika kitabu cha Injili, hana budi kuulizwa. Nami niliulizwa. Mzee mmoja wa baraza yetu ya Mji wa Kale, ambaye mimi humwita ami kwa kuwa alikuwa sahibu wa marehemu baba, alikitazama kitabu, akanitazama uso, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe ni mwana wa chuoni. Leo wasoma vya mapadri?"

"Ami, hiki si cha padri. Ni utenzi."

"Utenzi wa nani?"

"Wa Nyerere."

Baraza ikanyamaza. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

Sikuwalaumu. Msalaba uliotufikia sisi watu wa Mvita kwanza ulikuja na mizinga. Mreno alianza kuijenga Ngome mwaka 1593, na mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme aliyebatizwa Goa akapewa jina la Kireno, akawageukia waliombatiza. Mambo hayo ni ya kale, lakini Ngome ingali pale pale, na kila mtoto wetu huiona aendapo sokoni. Kisha jina la Nyerere lenyewe, katika baraza nyingi za pwani, kwetu na kwa jamaa zetu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, halitajwi bila ya mtu kukohoa.

Hata hivyo kitabu ni kitabu. Mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alitoa kwa matbaa ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho vitabu vitano vya tenzi: Mathayo, Marko, Luka, Yohana, na cha tano Matendo ya Mitume. Hakuwa wa kwanza. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, hakimu, naye Mkatoliki vile vile, alikwisha kutunga utenzi wa Enjili katika miaka ya sitini. (Wao waandika Enjili, sisi twasema Injili, na kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa ni katika vile tulivyoamrishwa kuviamini, ingawa twakhitalifiana nao katika mengi yaliyomo sasa, na katika lile kubwa la kuwa Isa ni mtume na si mwana.) Lakini Mnyampala alikuwa malenga, na malenga kutunga si ajabu. Nyerere alikuwa mtu wa siasa aliyetawala nchi zaidi ya miaka ishirini, na angeweza kuutumia uzee wake kuandika kitabu cha kujisifu.

Kilichonishughulisha zaidi ni bahari aliyoichagua. Hii ni bahari ya Tambuka, iliyotungwa Pate mwaka 1728. Ni bahari ya Mwana Kupona, aliyomwachia bintiye wasia mwaka 1858. Mizani minane kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vina vimoja, na cha nne kina kile kile tangu ubeti wa mwanzo hata wa mwisho. Imekulia katika Bismillahi na kumsalia Mtume. Nyerere alipomfasiri Shakespeare, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakumtafutia vina. Kanisa lake nalo lilikuwa na nyimbo zake za Kilatini na za Kijerumani. Lakini alipotaka imani yake iingie katika sikio la mkulima, aliziacha hizo zote akaja kubisha hodi kwetu. Sisemi kwamba ametunga kama mtu wa Lamu. Kiswahili chake ni cha bara, kimenyooka kama barabara ya reli, na sikio la pwani litaitamani ladha ya lahaja na lisiipate. Lakini ni Kiswahili safi, na mtu haji kuazima chungu katika nyumba anayoidharau.

Basi mtu huyu alikuwa Mkatoliki wa namna gani? Wenzetu humwita muumini asiyekuwa padri wala mtawa "mlei". Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi wa Wazanaki, akabatizwa Desemba 1943 akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, kwa hiari yake. Akafundisha katika shule za misheni, Tabora na baadaye Pugu. Mwaka 1955 ikambidi achague baina ya ualimu na siasa, akauacha ualimu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa Misa ya kila siku. Waliokuwa wakisali naye katika parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, wamesimulia jinsi alivyopiga magoti asubuhi mapema miongoni mwa waumini wengine. Ukitaka kumwelewa mtu huyu, anzia hapo. Wengi huanzia Azimio la Arusha, na wengine wakadai kwamba Ujamaa wake aliupokea kutoka China. Azimio lilitoka Februari 5, 1967, na Machi 26 mwaka huo huo Papa Paulo wa Sita alitoa waraka juu ya maendeleo ya mataifa, uliosema maneno makali juu ya matajiri na wanyonge. Mzanaki na Mroma hawakuambizana, lakini kisima walichotekea kilikuwa kimoja.

Juu ya maisha ya parokia yenyewe nina jirani, fundi seremala, Mkatoliki, anayenifunza mengi bila ya kujua. Mara moja kwa juma nyumba yake hujaa watu. Wasoma, wajadiliana, kisha wachanga cha mgonjwa au cha maiti. Hiyo ndiyo jumuiya ndogondogo, ambayo maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya sabini kuwa ndiyo msingi wa kanisa lao. Nilimwuliza padri anasemaje, akacheka: "Mzee, padri hawezi kutujua sote. Jumuiya ndiyo inayotujua." Nikakumbuka kwamba chama cha TANU kilikuwa na balozi wake wa nyumba kumi tangu katikati ya miaka ya sitini, kabla ya maaskofu. Nikakumbuka pia mtaa wetu ulivyokuwa utotoni mwangu, maiti akizikwa kabla ya wanawe hawajajua sanda imetoka wapi. Siku hizi twaundiwa kamati ya mazishi kwa simu.

Sasa tuje kwenye siasa, maana hapa ndipo penye mfupa.

Oktoba 16, 1970, Nyerere alialikwa New York kuzungumza na watawa wa shirika la Maryknoll. Aghalabu kiongozi mwenye dini akialikwa na watu wa dini yake huwasifu, akapigiwa makofi, wakaagana. Yeye aliwaambia kwamba kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mipango inayowafanya wawe maskini, litakuwa si lolote ila dini ya watu waoga. Akasema hamwezi yeye kumfikiria Mungu aliye fukara, mjinga na mwenye hofu, na kwa hivyo mwanadamu aliyeumbwa kwa sura yake hakuumbiwa hayo. Akawataka wafanye kazi pamoja na watu, na wasitosheke na kuwafanyia watu hisani. Na hakuwa mtu wa maneno matupu, kwani mwaka wa nyuma yake, 1969, serikali yake ilikwisha kupitisha sheria ya elimu iliyozitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Wako wazee wetu wanaokumbuka shule ambazo Juma hakuzipata mpaka awe John. Aliyezichukua shule hizo alikuwa Mkatoliki, na aliowanyang'anya wa kwanza ni waliombatiza. Mtu anayeanza kuifagia nyumba yake mwenyewe, mimi humpa sikio.

Lakini sikio moja. La pili nimeliweka kwa jambo la 1968.

Nyerere alipokuja Dar es Salaam, waliomshika mkono hawakuwa wanaparokia. Walikuwa Abdulwahid Sykes na nduguye Ally, alikuwa Dossa Aziz, alikuwa Bibi Titi Mohamed, na masheikh na wazee wa mji waliomwombea dua. Mwanahistoria Mohamed Said aliyaandika hayo kwa urefu mwaka 1998 katika kitabu chake juu ya Abdulwahid, na hakuna aliyeweza kuyafuta. Kisha Desemba 1968, serikali ya mtu yule yule ikakivunja chama cha Waislamu cha EAMWS, kilichoasisiwa hapa hapa Mombasa mwaka 1945, kikijenga shule na misikiti. Mahali pake pakasimamishwa BAKWATA. Najua wanaomtetea husema chama kilikuwa kimeingia fitina, na kwamba fedha na uongozi wake vilitoka nje. Huenda. Fitina ya msikitini huamuliwa msikitini. Yeye ndiye aliyetufunza kwamba serikali haina dini, wenye dini ni watu. Basi serikali isiyokuwa na dini ilipata wapi elimu ya kujua sheikh yupi afaa na yupi hafai? Shule za kanisa zilichukuliwa, kweli, lakini baraza la maaskofu halikuvunjwa likaundiwa jingine. Hapo mizani haikukaa sawa, na mtunzi wa tenzi alipaswa kulisikia hilo.

Wala si kwa Waislamu peke yao alikojikwaa. Yule aliyewaambia watawa wafanye kazi pamoja na watu, kati ya 1973 na 1976 serikali yake iliwahamisha wakulima kwa mamilioni kuwatia katika vijiji, na wengi walipandishwa malori bila ya kuulizwa. Dawa aliyowaandikia watawa hakuinywa yeye.

Kwa nini basi nayaandika haya leo, na katika gazeti la Kenya? Kwa sababu jambo lenyewe limetufika mlangoni. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe mamilioni ya shilingi ambazo Rais William Ruto alizitoa Jumapili katika kanisa moja la Kikatoliki jijini. Watu wengi walishangaa. Sisi wa pwani tuna haki ya kukumbuka pia kwamba mwaka 2010 maaskofu wa kanisa hilo hilo walikuwa miongoni mwa walioipinga katiba mpya, na mojawapo ya sababu zao ilikuwa mahakama zetu za Kadhi, ambazo katiba ya Mkoloni na ya Jamhuri zilikuwa nazo kabla yake. Sijasahau. Lakini siku ile bahasha iliporudishwa, niliwapa haki yao.

Kisha nikajiuliza ni lini sisi tulirudisha bahasha. Nimehudhuria Maulidi ambapo mwanasiasa alitandikiwa zulia kabla ya msomaji wa Barzanji kupewa maji ya kunywa. Nimesikia kipaza sauti kikitolewa mkononi mwa sheikh na kutiwa mkononi mwa mgombea, naye akasalimu kwa salamu asiyoweza kuitamka, akaahidi mabati, watu wakaitikia takbiri. Takbiri ya mabati! Na baada ya uchaguzi, msikiti ule ungali unavuja. Twamlaumu Nyerere kwa kutuchagulia masheikh, na malalamiko yetu ni ya haki, ilhali wenyewe twawaachia wenye magari makubwa watuchagulie kila baada ya miaka mitano, na hakuna askari aliyetulazimisha.

Mlei yule, pamoja na makosa yake, alikuwa na ujasiri wa kuwaambia watu wa imani yake jambo wasilopenda kulisikia, mbele yao, akiwa mgeni wao. Miongoni mwetu, ambaye si sheikh wala imamu akithubutu kusema neno kama hilo baada ya sala ya Ijumaa, huulizwa kwanza amesoma wapi. Nami nimesoma, alhamdulillahi, na bado huulizwa.

Kanisa la Musoma lilianza mwaka 2005 shughuli za kumtaka Nyerere atangazwe mwenye heri. Hilo ni lao, sina neno nalo. Mimi ninacho kitabu chake cha vina, na kitabu chaweza kupimwa.

Ami alikuwa hajaniondolea macho. "Haya," akasema, "tusomee tusikie."

Nikasoma beti tano au sita. Alifumba macho kama afanyavyo akisikiliza kaswida. Katikati akanyoosha kidole. "Hapo mizani imepungua."

Tukahesabu kwa vidole, yeye kwa vyake na mimi kwa vyangu. Ilikuwa minane, kamili.

"Soma mbele," akasema.

Nikasoma mpaka muadhini akaanza. Ami akainuka, akajishika kiuno, akatafuta viatu vyake kwa mguu. "Kesho njoo nacho," akaniambia. "Lakini lile la sitini na nane, mwanangu, mimi sijamsamehe."