Watoto 75 na Mama Zao

Mwezi huu tunaomba tuzungumzie kitabu ambacho pengine umekiona chini ya mto wa kijana wako ulipokuwa ukitandika kitanda. Jaladani yupo askari aliyevaa deraya ya kijani mwili mzima, hata uso hauonekani. Mama mmoja alituletea nakala iliyochakaa akasema, "Hebu nitazamieni dada zangu, kinamfaa mwanangu hiki?" Tulidhani tutakipitia juu juu tu. Kumbe tulikaa nacho siku nne, na kurasa za mwanzo tukazirudia.

Kitabu kinaitwa Halo: The Fall of Reach, yaani kuanguka kwa Reach, na Reach ni jina la sayari. Kiliandikwa na Eric Nylund wa Marekani, kikatoka Oktoba 2001, wiki chache kabla ya mchezo wa video wa Halo kuanza kuuzwa huko tarehe 15 Novemba. Katika mchezo huo kijana anajikuta moja kwa moja vitani, akiwa askari aitwaye Master Chief. Askari huyo hana utoto wala mama, ana bunduki tu. Kitabu kilipewa kazi ya kueleza alikotoka.

Basi, alitoka uwanja wa shule. Ni mwaka 2517 wa hadithi, naye John ana miaka 6, anagombania kilele cha kilima na wenzake. Anakuja daktari mmoja mwanamke, Catherine Halsey, akiwa na ofisa kijana. Anasema na mtoto kwa upole, anarusha sarafu hewani, anamtaka ataje upande wake. John anapatia, naye anapewa sarafu iwe yake. Mtoto anafurahi kama mtoto yeyote aliyepewa senti na mgeni. Hajui kwamba amepimwa kama ndama mnadani.

Baadaye watoto 75 wa umri huo wanachukuliwa kwa siri kutoka makwao, sayari mbalimbali, ili wafanywe askari. Na ili wazazi wasiwatafute, mahali pa kila mmoja anawekwa pacha wa bandia, aliyekuzwa upesi maabarani kutokana na chembe za mwili wa yule wa kweli. Utakumbuka habari za kondoo Dolly aliyezaliwa Scotland mwaka 1996. Lakini Dolly alizaliwa mdogo akakua kama kondoo wengine. Mapacha wa kitabuni wamekuzwa kwa haraka mno, na miili yao haihimili. Halsey anajua tangu mwanzo kwamba hawataishi sana. Mama atamwuguza, atakesha naye, atamzika, na kumbe mwanawe yu hai mahali pengine, anafundishwa kuua.

Habari hiyo mwandishi ameipitia kwa mistari michache tu, kisha akaendelea na safari yake. Sisi tuliozoea kukaa na akina mama wodini usiku tulishindwa kuipita. Mama humjua mtoto wake kwa namna anavyoshika kikombe, kwa upande anaolalia, kwa harufu ya kichwa chake. Katika mama hao wote, hakuna hata mmoja aliyesema, "Huyu si wangu"? Na kama alisema, nani alimsikia? Tunadhani aliambiwa ni homa imembadilisha mtoto, akapumzike. Ilipita zaidi ya miaka 10 ndipo mwandishi mwingine, Karen Traviss, katika kitabu cha mfululizo huohuo kilichotoka 2014, Mortal Dictata, alipomleta mzazi aliyekataa kudanganywa. Naye alikuwa baba, si mama, lakini tulifurahi.

Turudi kwa watoto. Wanapewa mwalimu mkali aitwaye Mendez, na siku za mwanzo wanashindanishwa kwa vikundi vya watatu watatu. John anakimbia peke yake, anafika wa kwanza, na bado analala na njaa, kwa sababu kikundi chake kilishindwa. Kesho yake anawasaidia wenzake. Sehemu hii vijana huipenda sana, na kwa kweli ni nzuri. Ila tuliona pia inavyofanya kazi: mtoto aliyenyang'anywa jamaa zake anapewa jamaa nyingine, naye anaikumbatia kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Wanapofikia miaka kama 14 wanapelekwa kwenye upasuaji. Mifupa inatiwa kauri ngumu isivunjike, misuli inachomwa sindano za kuikuza, kidonge cha platinamu kinapandikizwa kwenye tezi ya shingoni, na mishipa ya damu ya macho inabadilishwa kwa hatari ya upofu. Mama mwenzetu, mtoto wa umri huo bado anakua. Karibu na ncha za mifupa yake kuna gegedu ambalo mfupa hurefukia. Hata hospitali ya kawaida haimgusi bila mzazi kuelezwa na kutia sahihi. Wazazi wa hawa wangetia sahihi wapi, nao wameshazika? Watoto 30 wanakufa, 12 wanabaki vilema, 33 ndio wanaosimama.

Jambo ambalo kijana anaweza kulikosa akisoma haraka ni hili: watoto hawakuchukuliwa ili kuokoa wanadamu na viumbe kutoka mbali. Walichukuliwa ili kuzima maasi ya wanadamu wenzao. Maadui wa sayari nyingine, waitwao Covenant, wanatokea mwaka 2525, watoto wameshatengenezwa. Ndipo kila mtu anaona kwamba ni heri walikuwapo. Halsey mwenyewe hakuchorwa kama shetani. Anawahurumia, anawajua kwa majina, na anaendelea. Huyo ndiye mtu wa kumzungumzia na mwanao mkiwa mnachambua mchele, kwa maana hutamwona amevaa pembe.

Nusu ya pili ni vita vya merikebu za angani, na tunakiri tulisinzia mara mbili. Kijana atakuambia kitabu kinaanzia hapo. Kwa wale wa pwani, kwenye michezo iliyofuata, wa 2004 na wa 2009, vita vinafika hadi mji wa kubuni uitwao New Mombasa, na katika ule wa 2007 wanapigana hadi Voi. Usishangae mwanao akijua barabara za huko kuliko za kwa bibi yake.

Kuhusu umri, ule mchezo wa kwanza uliwekewa alama huko Marekani kwamba ni wa miaka 17 na zaidi. Kitabu tungempa wa miaka 14 au 15, mama akiwa ametangulia kukisoma, walau ile theluthi ya kwanza. Tulimrudishia yule mama cha kwake na kumweleza hivyo. Baadaye alitupa habari kwamba alimwuliza kijana jina la mama yake John. Kijana alienda kutafuta, akarudi baada ya nusu saa akisema hakuliona. Kitabu bado kiko kwao, na mdogo wake wa miaka 9 ameambiwa asubiri.